Kila wiki na mshono wake

Chini ya kitanda changu cha hosteli kuna kiroba kilichowahi kubeba kilo 25 za unga wa sembe. Sasa kimejaa mabaki ya vitenge. Mwaka wa kwanza wenzangu wa chumbani walidhani ni nguo chafu, mpaka jioni moja nilipokimwaga sakafuni: vipande vipana kama kiganja, vingine vyembamba kama utepe, bluu za bahari, njano za ndizi mbivu, nyekundu za kuumiza macho. Mmoja wao akainama, akaokota kimoja, akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Dada, kwani kwenu hakuna mablanketi?"

Sikuudhika. Katika Kiswahili chetu kiraka kina harufu ya dhiki. Suruali ikitiwa kiraka, watu wanajua mwenyewe hana ya kubadilisha. Barabara ikizibwa viraka, wanajua fedha ya lami haikutosha. Ni kwenye mpira tu ndiko neno hili limepata hadhi: mchezaji kiraka ni yule anayepangwa namba yoyote akaimudu, na kila kocha anamtaka. Kamusi zinalo neno mfarishi kwa kitu ninachoshona, neno zuri, lakini hapa Moshi sijamsikia mtu akilitamka. Tunasema blanketi la viraka, nami nalitumia hivyo hivyo bila kuona haya.

Kulieleza ni rahisi. Tabaka la juu ni viraka vilivyounganishwa, la katikati ni kitu cha kushika joto, la chini ni kitambaa kizima. Halafu unapitisha sindano katika yote matatu, mstari kwa mstari, ili yasihame yakifuliwa. Kueleza ni dakika moja, kushona ni miezi, na miezi ndiyo kitu ambacho ratiba ya mwanafunzi haina.

La kwanza nililiona kwa bibi mzaa mama, huko Kibosho. Juni na Julai, hapa mjini tunavaa masweta na kulalamika. Kule juu migombani ukungu unashuka na watu wanakula mapema ili wakajifunike. Blanketi la bibi lilikuwa na shati la kaki la babu, sketi ya shule ya mama mdogo, kanga tatu zilizochakaa, na katikati gunia la kahawa lililofuliwa mpaka likalegea. Halikulegea vya kutosha. Wajukuu tuligombea upande ambao kanga zilipandana mbili mbili, maana upande wa pili gunia liliwasha usiku kucha. Kipande kimoja cha kanga kilikuwa na maandishi MA HAUO. Nilikitazama miaka kadhaa kabla sijagundua kuwa ni mkato wa WEMA HAUOZI, na kwamba bibi alikikata pale makusudi ili ua la kanga likae katikati ya kiraka.

"Maandishi utayakumbuka," aliniambia nilipomuuliza. "Ua ukilikata, limekatika."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga bandi, ule mshono wa mkono wa sindano kuingia na kutoka, kabla sijajua kusoma saa. Nikimaliza mstari ulionyooka alisema "aika", asante kwa Kichaga, kana kwamba nimemfanyia hisani kubwa. Hakuwahi kuliita blanketi lile sanaa. Lakini huko Gee's Bend, Alabama, wanawake Weusi waliozaliwa katika vizazi vya watumwa wa mashamba ya pamba walishona yao kwa nguo za shambani zilizokwisha, jinzi zilizochakaa magotini na mashati yaliyopauka, kwa sababu ile ile ya baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Nilipoziona picha zake kwenye simu nililia. La bibi lingetundikwa katikati yao na hakuna ambaye angeuliza limetoka wapi.

Mabaki yangu nayapata kwa fundi mmoja anayeshonea barazani mwa duka la vitambaa, si mbali na Soko Kuu. Ukipita mitaa ile asubuhi utawaona mafundi wamejipanga, cherehani za kukanyaga zikilia kwa pamoja, na chini ya kila cherehani mfuko wa mabaki. Mengi huishia kujaza mito. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikamwomba aniuzie kidogo. Akacheka. "Binti, takataka nikuuzie?" Akanipa mfuko mzima. Tangu hapo ananiwekea, hasa msimu wa sare za harusi na kipaimara, pale kitenge kimoja kinapokatwa magauni 15 na kuacha vipande vinavyofanana. Kwangu hiyo ni sikukuu.

Si kila kipande kinafaa. Vitenge vingi vya siku hizi ni poliesta, na poliesta inateleza chini ya sindano, inakataa kushika mkunjo, na ukiichanganya na pamba, siku ya kufua pamba inapungua, poliesta inabaki ilivyokuwa, blanketi likavimba huku na kubonyea kule. Kwa hiyo kipande nisichokijua nakichomoa nyuzi mbili tatu na kuziwasha kiberiti, pale pale barazani kwa fundi. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda tone gumu. Vilivyofaulu vinalala kwenye beseni la maji, kila rangi kivyake, kwa sababu nyekundu huchuja. Blanketi langu la kwanza lina wingu la waridi kwenye pembe moja, na halitatoka.

Katikati natia blanketi jepesi la mtumba kutoka soko la Memorial. Gunia sitaki tena, la bibi lilinitosha. Chini naweka doti moja ya kanga, nimeikata na kuiunganisha kwa upande mrefu. Pale nyuma jina la kanga linabaki zima, ndiyo fidia yangu kwa yale ninayoyakatakata mbele.

Kwa kitanda cha hosteli nakata miraba ya inchi tano na nusu, 11 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 154. Mshono unakula robo inchi kila upande, mraba unabaki wa inchi tano. Ninasoma uhasibu, na hapa ndipo masomo na kiroba vinapojuana. Ukikosea tarakimu moja kwenye leja mwanzoni, urari, yaani ulinganisho wa jumla za pande mbili, utakataa kulingana mwishoni, na utakesha ukitafuta. Viraka ni vivyo hivyo. Mshono ukizidi robo inchi kwa moja ya kumi na sita tu, kama unene wa sarafu, unakula viraka viwili kwa mpigo, na mstari wenye mishono 10 unapoteza inchi moja na robo. Mstari unaofuata ukiwa umeshonwa sawasawa, hiyo miwili haitakutana. Unafumua. Nimefumua sana, na naamini mwaka wa kwanza nilielewa uhasibu kwa kufumua kuliko kwa mihadhara.

Basi ungefikiri vitu hivi viwili vingeishi kwa amani. Haikuwa hivyo.

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, mama mmoja alininunulia blanketi dogo la mjukuu wake aliyezaliwa. Watu wakaliona, na wiki haikuisha wakawa watano wanaotaka. Shilingi 60,000 kila moja, yote kabla ya mwisho wa mwezi. Bumu, fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limechelewa, kodi ya chumba inadaiwa, nikakubali yote matano. Fundi akanipa cherehani yake kuanzia saa kumi na moja jioni, yeye akishamaliza kazi zake, mpaka giza linapoingia. Nilikuwa natoka darasani nakimbilia mjini, narudi saa mbili usiku, nafungua daftari na macho yanaona vitenge tu. Mtihani wa katikati wa hesabu za gharama niliufanya huku nikiwaza pindo. Wa mwisho niliukuta nimeshachoka. Nikapata sapu, yaani nikafeli na kutakiwa kurudia mtihani.

Likizo wenzangu wakaenda makwao, mimi nikabaki na daftari la hesabu za gharama. Na kwa kuwa ndilo somo lenyewe, nikajikuta nalitumia kwa mablanketi yangu kwa mara ya kwanza. Kila moja lilinichukua saa 21. Ukitoa 18,000 za uzi, blanketi la katikati, kitambaa cha nyuma na nauli, zinabaki 42,000, yaani 2,000 kwa saa. Niliandika namba hiyo juu ya ukurasa nikaitazama kwa muda mrefu. Mwaka mzima wa masomo niliuweka rehani kwa bei ile.

Kuna mwanamke aliyeitwa Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alishona visa vya Biblia kwa viraka: Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ngazi ya Yakobo. Mwanamke mmoja mwalimu wa sanaa aliliona blanketi hilo kwenye maonyesho na kutaka kulinunua, Harriet akakataa. Mwaka 1891 dhiki ikamkaba, akaliuza kwa dola tano, na baadaye akawa anarudi kwa aliyelinunua kulitazama tu. Leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Namfikiria sana akiwa njiani kwenda kulitazama blanketi lake. Mimi nilishona matano kwa haraka kiasi kwamba hakuna hata moja ninalolikumbuka vizuri, na hilo liliniuma kuliko sapu.

Mama alipopata habari hakunigombeza. Alisema tu kwa simu, taratibu, "Mshika mbili, mwanangu, moja humponyoka." Nikakipeleka kiroba nyumbani. Muhula mzima sikushika sindano.

Natamani ningeandika kwamba alama zilipanda. GPA ilikaa pale pale. Zile saa nilizokuwa nashona hazikwenda maktaba. Zilikwenda kwenye simu, kwenye soga za korido, kwenye kulala mchana na kuamka na kichwa kizito. Nilikuwa nakaa na kitabu saa nne mfululizo na kutoka na kurasa mbili. Wiki ya mitihani mikono yangu ilikuwa inachana karatasi vipande vidogo vidogo pembeni ya daftari, na mwenzangu wa chumba, yule yule wa swali la mablanketi, akaniambia, "Bora ungekuwa unashona."

Nilianza kuchunguza nilichokuwa nakifanya, na nikaona kosa ambalo sikuwa nimeliona. Nilikuwa naita vitu vingi kwa jina moja. Kupanga rangi za miraba 154 sakafuni, kupima, kukata, kuamua njano hii ikae karibu na bluu ipi, hiyo ni kazi ya kichwa, na kichwa kinachoifanya ndicho kile kile kinachotakiwa kulinganisha urari. Nikipanga rangi kwa saa mbili siwezi kusoma kodi. Nimeshajaribu, naisoma sentensi mara tano. Kuunganisha kwa cherehani ni kazi ya macho na miguu, tena ina ulevi wake, unajiambia mstari mmoja tu na kumbe ni saa nne usiku. Ila kupiga bandi kwa mkono, tabaka zikiwa zimeshashikizwa na mistari imeshachorwa kwa chaki, hakuna la kuamua. Sindano inaingia, inatoka. Kichwa kinakaa peke yake na kupumua. Mama hakukosea: nilikuwa nimeshika mbili kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo siku hizi sigawi saa. Nagawa hatua za blanketi kwa wiki za muhula. Muhula ukifunguka, wiki mbili tatu za kwanza, ratiba zinagongana, madarasa yanahama, bumu halijaingia: hapo ndipo nakata na kupanga. Jumamosi napata chumba cha darasa kilicho wazi, nasogeza viti, natandaza miraba yote sakafuni na kuipiga picha, kisha naigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka ndipo unaona mahali ambapo weusi umerundikana upande mmoja. Nahamisha kiraka, napiga tena. Nikiridhika naipanga kwa mistari, nafunga kila mstari kwa pini yenye namba, na picha inabaki kwenye simu kama ramani.

Wiki za kati naenda kwa fundi Jumamosi tu, asubuhi, mistari mitatu na kuondoka. Yeye mwenyewe ananifukuza siku hizi. "Binti, imetosha, nenda kasome." Hosteli hairuhusu pasi, basi mistari iliyoshonwa naibonyeza mishono kwa ukucha na kuilaza chini ya godoro, na asubuhi imenyooka kama suruali ya mwanajeshi. Wiki za mitihani ya katikati kiroba hakifunguliwi kabisa. Sina la kuongeza hapo.

Na wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, wakati wote wanadhani nimeacha, ndipo nashona kila siku. Kwa mkono, kitandani, kabla ya kulala. Bibi alikuwa anakata uzi kwa dhiraa, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, kwa sababu mrefu zaidi unajisokota na kukatika. Nimeifanya dhiraa kuwa saa yangu. Uzi mmoja kwangu ni robo saa hivi. Ukiisha nafunga fundo na kuzima taa, hata kama zimebaki inchi mbili kufika pembeni. Hasa kama zimebaki inchi mbili, maana kesho yake najua pa kuanzia. Sikio moja lina kisikilizi: nimejirekodi nikisoma masharti ya sheria ya kodi, tafsiri za istilahi, viwango vya uhasibu, mambo ya kukariri. Hesabu zenyewe haziingii hivyo, zinataka kalamu na meza, na atakayejaribu kukokotoa akiwa anashona ataharibu vyote viwili. Ila mpaka leo kuna vifungu ninavyovikumbuka kwa kuona kwanza ua la kitenge nililokuwa nalizunguka nilipovisikia.

Mwaka huu wa tatu nimeongeza jambo moja lililonifurahisha kuliko yote. Huko Karnataka, India, wapo Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, ambao mababu zao walivushwa bahari, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari; na kati yao walikuwamo waliotoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi. Hawapangi sakafuni kama mimi. Wanachukua kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia pembeni, wanakunja ukingo wa kiraka kwa vidole na kukipiga bandi, kinafuata kingine, wanazunguka kuelekea ndani mpaka wanakutana katikati. Pembe nne wanazimalizia kwa vitambaa vilivyokunjwa, waviitavyo phula, yaani ua. Niliposoma hilo nilimkumbuka bibi na ua lake la kanga.

Kwa mwanafunzi wa hosteli hii ni rehema. Hakuna miraba 154, hakuna darasa la kuazima, hakuna cherehani. Kiraka kinakaa jinsi kilivyo, chembamba kwa kinene, na uamuzi ni mmoja tu kila jioni: kipi kinafuata. Nilianza Machi mvua za masika zilipoingia. Mishono yangu inaonekana juu, mirefu kidogo kuliko ya bibi, inakwenda sambamba duru kwa duru kama mifereji ya maji shambani. Wenzangu wa chumba sasa wanachangia. Yupo aliyeleta kipande cha sare ya harusi ya kaka yake, na mwingine mfuko wa shati la sare ya sekondari, ukiwa bado na alama ya wino.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tano. Blanketi lake lilikuwa limekwisha, gunia limetoka nje, na nyumbani walikuwa wanalifunikia mkungu wa ndizi ziive. Pasaka mama alikata sehemu iliyosalia nzima, shati la kaki la babu, akalifua, akaniletea stendi ya mabasi akiwa amelifunga kwenye kanga. Hakusema chochote kuhusu kushika mbili. Aliniuliza tu kama nimekula.

Duru za kawandi zimeshakaribiana, katikati limebaki shimo la ukubwa wa kiganja. Kaki la babu nimelibana ndani ya daftari la kodi ili linyooke. Mtihani wa kodi ni Alhamisi.